Kabla Hujafungua Kizibo cha Dawa

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wakulima wa bustani za nyumbani hapa Morogoro. Siku ile mvua ilimwagika tangu alfajiri, wengi hamkufika, na simu za "tuandikie na sisi" zimekuwa nyingi kuliko za salamu. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, viongozi wetu wa mtaa, wazee wangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliojazana mlangoni kana kwamba ndani kuna deni: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Bustani hoyee! Naona mvua imewalowesha hadi sauti. Bustani hoyee!

Haya. Naviona vifurushi miguuni mwenu. Naona majani ya mpapai yanachungulia kwenye kapu la mama yangu pale, naona na mzee ameleta ndoo nzima na nyanya yake ndani. Naomba visifunguliwe sasa. Nikianza kufungua hakutakuwa na hotuba, na mwenyekiti ameshalipia viti. Viacheni hapo hapo, tutavifikia.

Nilikuwa bibi shamba kwa miaka 31. Nimetembea Mgeta yote kwa miguu, nimeshuka, nimepanda, magoti haya ndiyo kumbukumbu yake. Sasa nimestaafu, nina mitaro yangu sita ya mboga nyuma ya nyumba, na wadudu hawajui kama nimestaafu.

Nianze na swali. Nani hapa mwaka huu amepiga dawa bustanini kwake? Nyosheni mikono juu. Wengi. Nami nimo. Shusheni. Sasa nani alijua jina la ugonjwa au la mdudu kabla hajapiga? Kabla, sijasema baadaye. Mkono mmoja. Wawili. Yule wa tatu anajikuna.

Hapo ndipo penye maneno yangu ya leo.

Ndugu zangu, sisi Waswahili tumeponzwa na neno moja dogo: dawa. Mtoto akiugua tunampa dawa. Nyanya ikiugua tunaipa dawa. Lakini ya mtoto inatibu, na ile ya kwenye bomba ni sumu. Kazi yake ni kuua. Wataalamu wameiita kiuatilifu, neno zuri sana, na sisi tumekataa kulitumia kwa sababu ni refu. Kwa hiyo mtu anakwenda dukani, anasema, "Nipe dawa ya nyanya." Dawa ya nyanya! Nyanya imefanya kosa gani mpaka iuawe?

Kama ni ukungu, unahitaji kiua kuvu. Kama ni mdudu, kiua wadudu. Kiua wadudu hakigusi ukungu hata ukimwaga pipa. Kama ni virusi, hakuna cha kunyunyizia kabisa, ukishaupata mmea umeupata. Na kama ni kiu? Kama ni chumvi? Kama mbuzi wa jirani alipita usiku? Utapiga nini?

Kijana wa dukani simlaumu. Unafika saa kumi na mbili jioni umeshika jani limoja lililokunjamana kama noti ya zamani, nyuma yako kuna foleni, unamwambia, "Hili." Yeye ni muuzaji, atauza. Duka la pembejeo ni duka. Hospitali ni kitu kingine.

Niwape kisa. Mama mmoja wa Kilakala alinipigia simu analia, nami sijazoea kusikia mtu mzima akililia nyanya. Mimea yake ilinyauka mchana ikiwa kijani kibichi, jioni ikainuka. Kesho yake ikanyauka zaidi. Siku ya nne ikalala moja kwa moja, majani bado ya kijani. Alikuwa amenunua kiua kuvu, kisha kiua wadudu, kisha mbolea ya majani, chupa tatu, akanipangia kibarazani kama mtu anayeonesha vyeti vya shule.

Nikamwomba glasi. Akadhani nina kiu, akaniletea maji kwenye sinia. Nikamwambia nataka maji hayo hayo, masafi, na kisu. Nikang'oa mmea mmoja, nikakata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, nikakining'iniza kwenye maji bila kukitikisa. Tukakaa kimya tunaitazama glasi, mimi, yeye na mjukuu wake. Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Baada ya muda kidogo ukaanza kushuka uzi mweupe kutoka kwenye jeraha la shina, mwembamba, kama moshi wa udi ila unashuka badala ya kupanda. Mjukuu akasema, "Bibi, linatoa maziwa!"

Yale maziwa ni bakteria wenyewe, kwa mamilioni, wanatoka ndani ya mishipa ya mmea. Huo ni mnyauko bakteria. Wanaishi kwenye udongo, wanaingilia mizizini, wanaziba njia za maji. Ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu huku udongo umelowa. Na hakuna chupa hata moja dukani inayoutibu. Hakuna. Tiba yake ni kung'oa mmea na mizizi yake na kuutoa bustanini, kuosha jembe, kuzuia maji ya pale yasitiririkie kwingine, na kutopanda hapo nyanya, wala biringanya, wala nyanya chungu, wala pilipili, wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, maana hao wote ni ukoo mmoja. Panda mahindi, panda vitunguu.

Glasi ya maji na kisu. Gharama yake sifuri. Yule mama akaniuliza, "Sasa bibi shamba, na hela yangu ya chupa tatu?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Jina kwanza, chupa baadaye. Semeni nami. Jina kwanza! (Chupa baadaye!) Mmesikia? Haya.

Mtaniambia, "Wewe ni mtaalamu, kwako ni rahisi." Basi ngoja niwasimulie siku mtaalamu alivyoaibika, na mtaalamu mwenyewe ni mimi.

Nilikuwa na miaka kama minne tu kazini, nina kofia mpya na majivuno mapya. Mzee mmoja kule milimani alikuwa na nyanya zilizojipinda, majani yamekuwa membamba kama vidole vya mtoto, shina limejisokota. Nikatazama mara moja tu. Nikasema, mzee, huu ni ugonjwa wa virusi vya kukunja majani, unaletwa na inzi weupe, ng'oa zote. Mzee mtiifu yule. Aling'oa mitaro mitatu mbele ya macho yangu, kimya.

Wiki iliyofuata nikapita na mkubwa wangu wa kazi, mtu mzima, mpole, aliyekuwa haongei sana. Hakugusa jani. Akazunguka bustani nzima kwanza, mikono nyuma. Kisha akauliza, "Mzee, kwa nini mtaro wa kule mwisho umepona?" Mzee hajui. "Na haya maharage pembeni, yalianza kujipinda lini?" Siku zile zile. "Na mpapai ule?" Vilevile. Akanitazama mimi. Virusi gani hivyo vinavyouguza nyanya, maharage na mpapai siku moja, na vinapungua nguvu kadiri unavyokwenda mbele?

Halafu akauliza swali ambalo mimi sikuuliza: "Bomba hili, mara ya mwisho lilipiga nini?"

Lilikuwa la kuazima. Jirani alikuwa amelitumia kwenye mahindi, kuua magugu kwa 2,4-D. Hakuliosha. Mzee akalijaza akaanza kunyunyizia mtaro wa kwanza, ndio ulioungua sana, wa pili kidogo, wa tatu kidogo zaidi, na hadi anafika mwisho bomba lilikuwa limejisafisha lenyewe. Na upepo ukapeleka sehemu yake kwenye maharage na mpapai. Nyanya nyingi katika zile alizong'oa huenda zingechipua tena. Nilimng'olesha mzee wa watu mboga yake kwa ujinga wangu.

Alinisamehe. Aliniita "mwanangu" mpaka anafariki. Lakini nilijifunza kitu ambacho chuoni nilikiandika kwenye daftari bila kukielewa: mtaalamu mzuri hatazami jani, anauliza. Akija mtu bustanini kwako, akaliona jani moja akatamka jina la ugonjwa na jina la dawa kwa pumzi moja, mwogope. Mwogope kama mganga anayekutajia mchawi wako kabla hujaketi.

Yule mzuri atakuuliza ulipanda lini na mbegu ulitoa wapi. Tatizo limeanza majani ya chini au ya juu? Limepiga mstari mmoja, au kona moja, au limetapakaa? Ni zao moja tu linaloumwa au yote? Mvua ilinyesha lini? Umepiga nini, lini, kiasi gani? Na hapo, ndugu zangu, semeni ukweli. Mnadanganya sana hapo! Mtu amepiga mara nne, anasema mara moja. Amechanganya dawa mbili kwenye bomba moja, anasema hajachanganya. Kipimo chake ni kizibo cha soda, anasema alifuata karatasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hizi kinamuumbua mpaka mkulima wa nyanya za kwenye ndoo. Mimi si mgambo. Sitakukamata. Nikijua ulichopiga nitajua nisichotafuta.

Mwingine atakuuliza tu unavyomwagilia. Mzee huyu mwenye ndoo, samahani nakutumia kama mfano, naona hata hapa nilipo kitako cha nyanya yako ni cheusi, kimebonyea, kimekauka kama ngozi. Wangapi hapa mngepiga kiua kuvu? Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni kuoza kitako, tunda limekosa madini ya chokaa wakati wa kukua, na mara nyingi chokaa ipo udongoni ila maji yanakuja kwa kuruka-ruka: leo mafuriko, siku tatu ukame. Ndoo inakauka upesi. Mwagilia kidogo kidogo kila siku, funika udongo kwa majani makavu. Matunda yajayo yatapona. Mzee anacheka. Alikuwa ameshanunua, eti? Basi irudishe.

Sasa nije kwenye mgonjwa mwenyewe, maana mnatuletea wagonjwa vibaya.

Kuna dada aliniletea jani la muhogo, moja, amelikunja ndani ya kitenge. Jani zuri kabisa, lina njano kidogo pembeni ya mishipa. Anasema muhogo wake hauliki. Nikamwambia dada, jani halitanipa jibu, niletee muhogo. Alipouleta nikaukata kama mkate: ndani kuna vidonda vya kahawia, vikavu, vigumu kama kizibo cha chupa. Michirizi kahawia. Ugonjwa huu ulielezwa na H. H. Storey mwaka 1936, akiwa hapa hapa nchini, kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara. Shida yake ndiyo ile ile tangu enzi hizo: juu panaweza kuonekana pazima, chini pameoza. Ukileta jani tu, umeleta nusu ya maneno.

Kwa hiyo leteni mmea mzima, na mizizi yake, na udongo kidogo kwenye mizizi. Leteni ulioanza kuumwa. Uliokufa wiki iliyopita hautatusaidia, maiti ya mmea imeshavamiwa na kila aina ya ukungu wa kuozesha, na hatutajua nani aliua na nani alikuja msibani. Ukiweza leta na mzima mmoja wa kulinganisha. Funga kwenye gazeti au mfuko wa karatasi. Usifunge kwenye nailoni, kwanza mifuko ile imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na bado mnaificha, najua mnapoificha, na pili mmea unatoka jasho humo, unafika umeiva kama mchicha wa chungu.

Mizizi nayo ina hila zake. Mwanamke mmoja aling'oa maharage yake yote kwa sababu alikuta vijivimbe kwenye mizizi, na alishasikia habari za minyoo fundo. Masikini! Vile vya maharage ni vijivimbe vya heri. Vimekaa ubavuni mwa mzizi, ukivisugua kwa kidole vinabanduka, ukikipasua kimoja ndani ni chekundu-waridi. Humo wanaishi bakteria wanaoutafutia mmea naitrojeni. Minyoo fundo ikiingia, ni mzizi wenyewe unaovimba, kama kidole chenye baridi yabisi, huwezi kubandua bila kuvunja mzizi. Ni kidole chako tu kinachotofautisha. Kidole!

Na picha za simu? Nazikubali sana, msidhani mimi ni wa kale. Ila usinitumie picha moja ya jani lililopigwa usiku kwa tochi. Nitumie ya bustani nzima, kisha ya mmea mzima, kisha ya jani kwa karibu, juu na chini yake, maana utitiri na inzi weupe hukaa chini. Weka na sarafu pembeni nijue ukubwa. Kuna programu inaitwa Nuru, ya PlantVillage, inazungumza Kiswahili na inatazama majani ya muhogo hata pasipo intaneti. Ijaribuni. Lakini yale makundi ya simu ambako unatuma picha saa mbili na saa mbili na nusu una majibu saba na dawa saba… sitasema kitu. Mume wangu yumo humo.

Jambo moja nililisahau, la hatari. Kuna mgonjwa asiyesafirishwa. Kijana mmoja alirudi kutoka Kagera na kipande cha mgomba kwenye begi, amekileta kwa basi mpaka Morogoro, anifurahishe, nikague. Nilipokiona kile kidonda chenye usaha wa njano nilisimama. Mnyauko bakteria wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, kutokea upande wa Uganda ulikoonekana mwaka 2001, na unasafiri kwa panga, kwa kisu, kwa miche, na kwa wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Na kwa begi la kijana mwenye nia njema! Tulikichoma moto na begi lake, alinung'unika. Ugonjwa wa namna hiyo, wa ajabu, wa kasi, usiouzoea, piga simu mtaalamu aje. Mgonjwa abaki alipo.

Sasa nataka niwasimulie kisa kikubwa kuliko bustani zetu. Vumilieni, hiki ndicho ninachokipenda.

Miaka ya 1970 mwanzoni, kule Kongo, kulitokea mdudu kwenye muhogo. Kidung'ata, mweupe, mdogo, kama amepakwa unga. Alikuja kutoka Amerika ya Kusini bila maadui zake, na akatambaa karibu ukanda mzima wa muhogo wa Afrika. Muhogo unabaki kama fimbo. Mnajua maana ya muhogo kukosekana? Watafiti wakaanza kwenda Amerika kumtafuta mdudu huyo kwao, ili wamjue adui wake. Wakampata! Au walidhani wamempata, kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Ni mweupe, yuko kwenye muhogo, anafanana kabisa. Wakachukua maadui zake. Hawakufanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa yeye. Alikuwa ndugu yake, aina nyingine.

Sasa hao ni maprofesa wenye hadubini! Nao walikosea jina, na kwa sababu walikosea jina, dawa haikufanya kazi. Unaona sasa kwa nini nakusumbua na jina?

Walirudi kutafuta, na mwaka 1981 mdudu halisi akaonekana Paraguay. Na kwenye yule halisi wakamkuta nyigu mdogo sana anayetaga ndani yake. Mwaka huo huo nyigu yule akaachiwa Nigeria, na kadiri miaka ilivyokwenda akasambazwa katika nchi nyingi za muhogo, na kule alikofika kidung'ata akashuka, bila mkulima kununua chupa. Aliyeongoza kazi hiyo, Mswisi Hans Rudolf Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, na aliishi nasi Afrika Mashariki akiongoza icipe pale Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970.

Kisa hicho kina upande wa pili, na upande huo ni wenu. Kila mdudu mgeni aliyewahi kuingia nchi hizi aliingilia kwenye shamba la mtu fulani. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, alionekana mkoani Arusha mwaka 2014. Ugonjwa ule wa kunyausha mahindi ulionekana Bomet, Kenya, mwaka 2011. Viwavijeshi vamizi tuliwaona mwaka 2017. Mara nyingi mtu wa kwanza kuwaona wageni kama hao si profesa. Ni mkulima aliyesema, "Huyu simjui." Wangapi walimwona wakapiga dawa wakanyamaza? Hatutajua.

Na kantangaze nimtaje zaidi, maana naona watu wameguna. Jina limemfaa, anakutangazia umasikini mtaa mzima. Wengi mnamchanganya na kiwavi wa mistari. Njia ya yule wa mistari ni nyembamba, inapinda-pinda kama mtoto anajifunza kuandika. Kantangaze anakula ndani ya jani pana, anaacha kama dirisha, na vinyesi vyeusi humo ndani. Linyanyue jani ulielekeze juani. Utamwona mwenyewe, amelala kati ya ngozi mbili za jani kama mtu ndani ya chandarua. Na ndiyo maana ukinyunyizia juu ya jani hana habari na wewe! Huyo anataka mitego yenye harufu ya jike, anataka majani yaliyoliwa yaondolewe mapema na kuzikwa, anataka mtaalamu akwambie kiuatilifu kipi bado hajakizoea.

Mnauliza: twende wapi basi? Afisa ugani wa kata ndiye mlango wa kwanza. Najua, mtasema hapatikani. Ni mmoja, pikipiki moja, vijiji vingi, nimekuwa yeye. Lakini namba yake iko ofisi ya kata, na watu wanaompigia ni wale wale watano. Sisi wa Morogoro tuna bahati tusiyoistahili, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko mlangoni petu tangu 1984, ina watu wa magonjwa ya mimea na wa wadudu, na tunapita pale getini na daladala kila siku. Mwenye ndugu Arusha, kuna TARI Tengeru, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kwa mboga na matunda, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Hao ndio wa kuambiwa mdudu mgeni, na hao ndio wanaojua kiuatilifu kipi kimesajiliwa na kipi ni maji ya rangi. Dar kuna TARI Mikocheni. Na Nane Nane ikifika, jamani, msiende kula nyama choma tu. Bebeni wagonjwa wenu.

Zipo pia kliniki za mimea. Wazo lilianza Bolivia mwanzoni mwa miaka ya 2000, likaletwa huku, Kenya, Uganda, Rwanda, kwetu. Meza moja sokoni, mwavuli, lenzi, kisu, mtu aliyefundishwa, na anakuandikia karatasi kama ya hospitali. Nilikaa kwenye meza kama hiyo mara kadhaa kabla sijastaafu. Siku ya kwanza hakuja mtu, walidhani nauza dawa za meno. Siku ya pili alikuja mama mmoja na bamia. Siku ya tatu foleni.

Na kwenye foleni ile nilisema neno ambalo mtaalamu anapaswa kulisema bila aibu: "Sijui." Mzee alileta pilipili hoho yenye madoa ambayo sikuwahi kuyaona. Nikamwambia, mzee, sijui, nitaipeleka maabara, rudi baada ya wiki mbili. Wenzangu waliona nimejiaibisha. Mzee alirudi baada ya wiki mbili, na akaja na majirani wanne. Aliwaambia, "Huyu akijua anasema, asipojua hasemi."

Nimemaliza maneno. Mwenyekiti, naomba ile meza isogezwe hapa kwenye mwanga, na mtu aniletee glasi mbili za maji masafi. Si ya kunywa! Kisu ninacho. Mama wa majani ya mpapai, wewe ulifika wa kwanza, lete kapu lako. Usiniambie umepiga dawa gani bado. Kwanza niambie, mpapai huo uko upande gani wa nyumba, na jirani yako naye ana mpapai?